Nilirudia Lehemu ya Baba

Ijumaa, mtaani kwetu Darsait. Nje joto la kuchoma na vumbi, watu wote wamejifungia ndani. Mimi pia nimejifungia, lakini si kwa sababu ya joto. Nina haya.

Baba alikuwa fundi wa simu mpaka alipostaafu. Mkono wake wa kulia ulipoanza kutetema akaacha ufundi wote, ndipo nikamnunulia vipande vya kompyuta ya kizamani, ile unayoiunga mwenyewe chipu kwa chipu juu ya bodi. Alifurahi, akaacha hata usingizi wa mchana. Alilehemu miguu yote ya chipu peke yake, polepole, akipumzika kila mkono ukimzidi.

Kazi yenyewe haikupendeza macho. Risasi ya kulehemu imevimba hapa, imepinda pale. Kabla hatujaiwasha, Baba yuko msikitini, mimi na kimbelembele changu nikashika chuma cha moto nikairudia miguu ya chipu ya kumbukumbu. Sikumwambia. Nilijiona nimemsitiri.

Tulipoiwasha, kioo kilijaa herufi zisizo na maana. Baba akazima, akakunja waya, akasema mikono yake imekwisha kazi. Tangu siku hiyo hakuingia tena chumba kile cha kompyuta. Akawa anakaa mbele ya televisheni, na hata habari hazisikilizi.

Leo baada ya chakula nimeipima bodi kwa mita, laini moja moja, zile zinazoiambia kompyuta ikasome wapi. Laini mbili za jirani hazitakiwi kugusana kabisa. Mita ikalia. Nikachukua lenzi: uzi wa risasi, mwembamba kama unywele, umeziunganisha.

Uko kwenye miguu niliyoirudia mimi.

Lehemu za Baba, zile zilizovimba, nimezipima zote. Hazina kasoro.

Wallahi nilitaka kuufuta ule uzi nikae kimya. Kompyuta ingewaka, Baba angecheka. Lakini angeamini kwamba mwanawe ndiye aliyemtengenezea alichoharibu yeye. Na kumwambia kweli ni kumwambia kwamba sikuiamini mikono yake. Nikazunguka jikoni mpaka Mama akaniuliza nimepoteza nini.

Mwisho nikaenda, nikamwambia yote. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alizima televisheni.

"Ungenambia tu," akasema. "Hicho chuma ningekupa mwenyewe."

Kisha akainuka, akaingia chumba kile, akavaa miwani yake. Nikamfuata nimshikie taa.

"Nenda kakae na mama yako. Ukiniangalia ndo nnatetema zaidi."

Kwa hiyo naandika haya sebuleni. Mlango umefungwa, harufu ya risasi inapita chini yake. Mama kanimiminia kahawa, imepoa. Najiuliza kama siku ile nilimsitiri yeye, au nilijisitiri mimi, nisione mkono wa baba yangu unavyozeeka.

Kitu kimeanguka huko ndani.

Nimeinuka. Nimekaa tena.