Kitanda cha Siku Nne

Mpendwa Bi Bahija,

Naomba unishike mkono katika safu yako ya gazeti kabla sijakosea mara ya pili. Mimi ni mke wa Mitwali, fundi wa nakshi za mbao aliyefunzwa na baba yake hapa mjini Dumyat, na nasema bila haya kwamba katika mtaa wetu, ambako kila mlango ni karakana, hakuna mkono unaomfikia, na kile kitanda cha bibi harusi alichokichonga miaka miwili iliyopita, chenye mizabibu ambayo utatamani kuchuma zabibu zake, alikimaliza kwa siku nne bila kulala wala kuchoka, huku akiimba, na mama mkwe wangu, Haja Inshirah, ameitundika picha ya kitanda hicho sebuleni na hakuna mgeni anayeonja chai kabla hajaambiwa, "Siku nne tu!"

Lakini baada ya kitanda kile mume wangu alianguka, moyo ndio ulioanguka, miezi mitatu hakushika patasi, chakula hakipiti, analia amegeukia ukuta, kisha akapona mwenyewe, na mwaka huu hali ikarudi, ndipo tukampeleka kwa daktari. Akapimwa damu, tezi ya shingo ikaonekana haina neno, akaulizwa kuhusu usingizi, hamu ya kula, kama anawaza kujiua, akajibu yote kwa ukweli, halafu daktari akatugeukia sisi: "Kuna wakati wowote amewahi kuchangamka kupita kiasi, halali na wala hachoki?" Kabla sijafungua kinywa mama mkwe akanifinya paja. "Daktari, mwanangu akiwa mzima ni simba," akasema. Nami nikanyamaza. Tukapewa dawa za sonona.

Sasa ni wiki ya tatu na Mitwali analala masaa mawili tu, anaongea hapumui, amepokea kazi ya samani za vyumba saba vya maharusi na kuapa atavimaliza kabla ya Idi, na jana alimtukana kaka yake mbele ya mafundi kwa sababu kamwambia, "Pumzika kidogo, ndugu yangu." Mama mkwe anashangilia, amegawia majirani mishabaki, vile vitamu vya asali, "Si nilikwambieni? Simba kaamka!" na nikimwambia turudi kwa daktari tukaseme habari ya zile siku nne ananirukia, "We Naguwan, unataka kazi ya mwanangu iitwe ugonjwa?" Na hilo ndilo linaloniuma, maana hata mimi najivunia kitanda kile kuliko dhahabu yangu ya ndoa. Miadi ni Jumapili. Niseme, au ninyamaze?

Naguwan, Dumyat

*

Naguwan binti yangu,

Kwanza nikugombeze. Daktari aliuliza swali lililobeba kila kitu, nawe ukanyamazishwa na vidole viwili! Paja litapona. Sema.

Sonona na maradhi ya hisia zinazopanda na kushuka hufanana sana mgonjwa akiwa chini. Hakuna kipimo cha damu kinachoyatenganisha. Damu ilipimwa ili kuondoa shaka ya maradhi mengine. Kinachoyatenganisha ni habari za maisha yake zikisimuliwa nzima, na mgonjwa mwenyewe mara nyingi haisemi sehemu ya juu, kwani nani huenda hospitali kulalamika kwamba ana furaha? Wa nyumbani ndio husema. Ninyi mlimpa daktari nusu ya habari, akawapa nusu ya jibu. Na kwa mwenye maradhi haya, dawa ya sonona peke yake inaweza kumpandisha hivyo unavyomwona. Jina la ugonjwa silitoi mimi, atalitoa daktari.

Usingoje Jumapili. Weka gazeti chini umpigie daktari simu leo, umweleze masaa mawili ya usingizi, vyumba saba na yale matusi. Dawa msiipunguze wala msiikatishe kwa akili yenu, mwulizeni yeye. Akiwa haambiliki, au akitamka maneno ya kufa, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, simba au si simba.

Sasa msomee Haja hapa kwa sauti. Haja Inshirah, mwenzangu, nami nimezaa, najua unachokilinda. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Na nani kakwambia ugonjwa ndio uliochonga? Ugonjwa haujui kushika patasi! Ulichofanya ugonjwa ni kumnyang'anya mwanao usingizi, kisha ukamdai miezi mitatu ya machozi. Ile mizabibu aliisomea kwa baba yake miaka mingi. Wangapi hapo Dumyat hawalali, na hawajachonga hata kijiko?

Naguwan, nawe nakusifu: umeandika kwa fahari ya mke anayemjua mumewe. Endelea nayo. Siku ya miadi ishusheni ile picha ukutani, Haja aibebe mwenyewe hadi kwa daktari, aionyeshe akiwa ameinua kichwa, aseme "siku nne tu" kama anavyowaambia wageni, halafu aseme na ile miezi mitatu ambayo wageni hawaambiwi. Mkirudi nyumbani, itundikeni palepale.

Bi Bahija