Binti wa Daktari Ashcraft

Lurleen, weka chini hicho kikombe kwanza. Nimetoka kwenye kikao cha baraza la udaktari la jimbo na bado siamini.

Unajua Verna wa zahanati yetu aliomba atibu bila kusimamiwa. Sheria inataka kila msaidizi wa daktari awe na daktari juu yake, na Daktari Ashcraft anayemsimamia anastaafu. Huku milimani nani mwingine atakuja? Asipopewa ruhusa, zahanati yetu inafungwa.

Basi Ashcraft akasimama na tai yake ya hariri kupinga. "Miaka sita nimemsimamia kwa karibu. Namjua kama binti yangu. Bado hajaiva."

Akamwekea mkono begani.

Lurleen, akamwekea mkono OPAL!

Opal akautazama ule mkono. "Mzee, mimi naendesha basi la shule. Verna ni huyo mwenye koti la kijani."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwenyekiti akagonga meza: "Kosa dogo tu. Usimamizi ndio unaomlinda mgonjwa." Wajumbe wakapiga kura, wote wakamkatalia Verna. Ndio haohao waliowafukuza wakunga wetu mwaka ule wa mafuriko. Mimi sijasahau.

Verna hakulia. Alimfuata Ashcraft mlangoni, akampa mkono. "Nimefurahi kukufahamu, daktari. Mimi ndiye binti yako."

Zee zima likajibu, "Asante, mwanangu."

Sasa sikiliza. Zahanati ikifungwa tu, wagonjwa wote tunawapeleka barazani kwa Ashcraft, mlangoni pa nyumba yake. Si anasimamia kwa karibu? Opal analeta basi.