Filamu ya Mama Iliyochelewa

3 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Mimi mzima, ila usingizi umenihama.

Filamu niliyotengeneza juu ya marehemu mama imekamilika, lakini kuigeuza iwe faili la sinema kumenishinda. Kila sekunde ina picha ishirini na nne, na kompyuta inazibana moja moja. Dakika tisini zimekula siku nne, kisha ikagoma ikikaribia kumaliza. Nimeanza upya mara mbili. Daktari alisema macho yako yataona hadi Juni tu, basi naogopa. Nikipunguza ubora, siku moja inatosha. Nipunguze?

Mdogo wako,
Kitindamimba

9 Mei

Marahaba, Kitindamimba. Huku hatujambo. Macho yapo, usiyahesabie siku.

Usipunguze kitu. Nimeendesha mitambo ya sinema miaka thelathini na moja. Kwenye pazia kubwa kila uvivu unaonekana. Filamu umeiweka wapi? Kama ni diski ya nje, ihamishie ndani. Kisha iguse kompyuta: ikikuunguza, ujue inajipunguzia kasi yenyewe. Halafu tafuta kazi uliyoiagiza ukasahau. Mashine haina ukaidi, tatizo lake ni utii.

Mama alihangaika siku mbili kukuzaa wewe, na hakulalamika hivyo.

Kaka yako

24 Mei

Shikamoo kaka. Mbona simu hupokei? Nipe hali yako.

Kuhamisha diski kulisaidia kidogo. Joto halikuwa tatizo. Ila hiyo kazi iliyosahaulika, umepatia! Mwaka jana niliwasha kichujio cha kuondoa chenga za picha kwenye zile dakika sita za mama hospitalini. Kumbe kilikuwa kinasafisha filamu nzima, picha kwa picha. Nimezisafisha zile sita tu, nikakizima. Kwa muda wa saa kumi na moja tu, imekwisha! Nimelia mbele ya kompyuta kama mwehu.

Ukumbi wa hapo kwenu utaionyesha tarehe kumi na nne Juni. Kiti chako ni safu ya tano, katikati. Mimi nimenyimwa ruhusa kazini hadi Julai. Itazame kwa niaba yangu.

Kitindamimba wako

17 Juni

Marahaba, mdogo wangu. Anayechapa ni wifi yako. Mimi nasema tu. Hata barua ile ya Mei aliichapa yeye.

Nilikudanganya. Ulipoandika mara ya kwanza, jicho la kushoto lilikuwa limeshazimika, na la kulia limebaki na mwanga tu. Ningekwambia, ungeharakisha ukaiharibu filamu, na mimi nisingeiona vilevile.

Nilikwenda. Wifi yako alinishika mkono hadi kitini. Watu wakawa wanapiga soga, mara mama akakohoa, kile kikohozi chake cha kuanzia maneno. Ukumbi mzima kimya. Nikajua ametokea. Mtu wa mbele yangu akanong'ona, "Tazama anavyocheka." Nami nikacheka, nimeelekeza uso kule sauti ilikotoka.

Wifi yako anasema haikukwama hata mara moja. Umefanya kazi.

Nilimwuliza wifi yako mama alivaa nini. Akasema, "Gauni, la bluu." Simlaumu, hakuwahi kumjua akiwa mzima. Julai ukija, keti nami uanze mwanzo: alikaa upande gani wa dirisha, mikono aliiweka wapi, alipocheka alimtazama nani. Sema polepole. Sitakukatiza.

Kaka yako