Kwa Yaya wa Mitwaba, Juu ya Chupa ya Tatu

Yaya yangu mupenzi, mukubwa wangu wa tumbo moja,

Mudogo wako njo muntu wa bahati kupita bote ba huku Élisabethville. Shukuru Mungu alikupatia mimi! Katika zile kategori mupya za lopitalo, baliniandika infirmier, muuguzi wa kwanza, na cachet, ule muhuri mukubwa wa mviringo. Ku cité, mutaa yetu, bantu banatoa kofia nikipita. Ata mbuzi ya jirani inanipisha njia.

Ngoja nikueleze, juu ya vile huko kwenu habari inafikaka imezeeka. Docteur mukubwa alitukusanya ku kiwanja, akatusomea barua: kuanzia sasa, mwenye diplome, karatasi ya masomo, njo infirmier. Siye benye tulijifunza kwa mikono tu, tutapita mbele ya badocteur batatu. Mwenye anapita, anabakia na sindano. Mwenye anaanguka, anakuwa garçon de salle: ndoo, ufagio, basi. Nimetoboa matako ya nusu ya camp ya batumikaji ba mine, na leo karatasi iniulize mimi ni nani?

Nikakufikiria weye. Unakumbuka vile ulinifundishaka hapa lopitalo? Ulinifungaka macho na bande ya bidonda, ukanisimamisha mbele ya kabati ya dawa.

"Chupa ya tatu, toka kushoto?"

"Dawa ya homa, yaya."

"Ya tano?"

"Ya kusafisha bidonda."

Nikikosa, kofi ya shingo, na kicheko yako ile ya kujaza nyumba. "Mukono ikuwe na macho, we kichwa ya nyundo! Bagonjwa banalia mu vitanda vya pavillon yote, utapata wapi nafasi ya kusoma?" Na kweli, siye babili tulikuwa mbio kupita bote. Hatukuangaliaka ata karatasi ya chupa. Benzetu balisimama kututazama, na siye tulivimba kichwa. Siku ulipanda kamio ya kwenda kushika dispensaire, ile lopitalo ndogo ya Mitwaba, neno yako ya mwisho ilikuwa: "Usinipangue kabati!" Sikuipangua. Nilikuwa ninalia, nikasema ni vumbi.

Sasa sikia ile examen. Badocteur batatu ku meza. Sister, mutawa mwenye kuandika matokeo, amesimama karibu na mimi. Ku kitanda, baba moja wa ku mine, homa inamuchoma. Akaona jasho yangu.

"We kijana, mugonjwa ni mimi ao ni weye?"

"Lala tu, baba. Sindano yangu inapigaka busu."

"Busu muwekee bibi yako! Mie unitoboe mbio."

Docteur wa katikati hakucheka. "Dawa ya homa," akasema. "Haraka."

Mukono ikaenda yenyewe: chupa ya tatu, toka kushoto. Nikavuta. Dawa ilikuwa nyeupe kama maji, sawa na ile yetu. Baba akageuka, akafunua tako, akafunga macho, akaanza Salamu Maria. Ncha ya sindano ilibakia kidole moja tu mbele ya ngozi yake.

Hapo, yaya, nilisimamisha mukono mwenyewe! Nikageuza chupa, nikasoma: dawa ya kusafisha bidonda. Bale bantu balipanga kabati yao kwa alphabet! Nikaimwaga, nikachukua dawa ya kweli, nikatoboa. Badocteur bakapiga makofi.

Nimeandika ile neno "makofi" na kalamu inakataa kuendelea. Nimekaa na barua hii tangu misa ya asubuhi. Ninakupenda kupita vile ninajuaka kusema, na kiburi ya jina yangu haifai kukuzika weye. Juu ya vile bale badocteur batatu batapanda mpaka Mitwaba, mvua ikiisha. Nawe hauna diplome. Basi pangua kabati yako leo, usingoje kesho. Soma kila chupa kwa macho, moja moja, ata bagonjwa balie. Usimufunge tena muntu bande ya macho. Unisalimie shemeji na batoto, nami ninakusalimia na moyo yote.

Na yale niliandika pale juu, yaya, ni bongo, uongo mutupu. Sikusimamisha mukono. Sister njo alinikamata mukono, bila yeye ningemuua ule baba. Cachet haiko. Nilianguka, na leo nilipangusa choo ya pavillon.

Mudogo wako