Kila Alipokaribia Kulia

Mdogo wangu,

“Hakuna njia moja inayomtosha binadamu, tabibu mzuri huchota kwenye kila kisima.” Maneno yako hayo, uliyoyasema mezani kwangu hadi shemeji yako akakupigia makofi. Salamu kwanza, maana hasira si ruhusa ya kukosa adabu. Sisi tunajikongoja: mgongo wangu unalalamika, naye shemeji yako anakohoa na kukataa dawa. Ninyi je, hamjambo? Mtoto ameshaota meno?

Sasa nikujibu. Visima vingi havimkati kiu mtu anayenyang'anywa kata kila anapoinama kunywa.

Vitabu vya tiba ya nafsi ulivyoniazima nimevisoma vyote, na haki yako sikunyimi. Binti yangu, ambaye ni bintiyo pia, alipookolewa kwenye ule mlipuko wa tanuri la mikate uliomuua mwenzake wa kazi, hakuweza hata kusikia kiberiti kikiwashwa. Yule tabibu mwenzako wa miwani alimfundisha kupumua, akamsogeza jikoni kidogo kidogo, leo mlangoni, kesho mezani, mpaka akachemsha chai kwa mkono wake. Tulishangilia kama waliofunga bao. Mazungumzo matupu yasingemfikisha hapo, na mazoezi matupu yasingegusa majinamizi yake. Kuchanganya kuna faida. Atakayebisha aje kwangu.

Kisha akaambiwa azungumze na kiti kitupu, kana kwamba marehemu amekikalia. Akaanza. Sauti ikamtetemeka, na papo hapo akaambiwa aache, warudi kwenye pumzi. Safari iliyofuata akaulizwa habari za utoto wake. Alipolitaja tanuri tu, akapewa karatasi achore. Kila alipokaribia kulia, njia ilibadilishwa. Aliniambia, kwa ule utani wake mkavu, kwamba pale ni kama kwa kinyozi asiyemaliza kichwa, kila upande una mtindo wake. Nilicheka, kisha nikaona mwenyewe hacheki.

Njia moja, hata iwe na kasoro, humlazimu tabibu abaki na mgonjwa palipo pagumu. Mwenye njia kumi ana milango kumi ya kutorokea. Hilo mezani hukulisema.

Juzi, akiosha vyombo, binti alinieleza. Siku ile marehemu alimwambia kwamba ananusa gesi. Yeye akamjibu aache uvivu, awashe, wateja wanangoja. Hayo ndiyo aliyotaka kukiambia kile kiti. Miezi yote hii anakuja kwenu nayo kooni, anarudi nayo kooni.

Nikaenda naye kwa mwenzako, na kwa idhini ya binti nikauliza sababu. Akainamisha kichwa, akasema ni agizo la msimamizi wake: akianza kutetemeka, mhamishe. Msimamizi wake ni wewe. Kutoka chumba cha pili uliisikia sauti ya mwanao ikitetemeka, ukashindwa kustahimili, kwa kuwa ulimbeba mgongoni akiwa mchanga. Mapenzi hayo nayajua. Lakini uliyavisha koti la utaalamu, ukatutoza heshima.

Msalimie mkeo, mtoto mbusu. Binti anakuamkia, baba yake mdogo, wala hana kinyongo. Kinyongo ni changu.

Alhamisi anarudi. Wewe, jivue usimamizi wake, na saa hiyo usiwepo hata kwenye jengo. Nawe mwenye miwani, ambaye lazima asomewe barua hii: mwache aseme mpaka mwisho, na akilia, kaa.

Kaka yako