Mkwe Alinishika Kiuno Botini, Sasa Siendi Kupokea Mjukuu

Bi Jerotich, nisaidie, lakini kabla hujanisaidia niruhusu kwanza nikasirike, kwa sababu huku nyumbani kila ninayemweleza jambo hili anageuka upande ili nisimwone akicheka.

Mimi ni mama wa Mau Narok, mjane, nalima viazi na ngano kidogo, na kanisani ndimi mwenyekiti wa akina mama, kwa hivyo ujue unasoma barua ya mtu mwenye heshima zake. Nina binti mmoja tu, Jackie, anayefanya kazi Nakuru mjini, na ameolewa na kijana wa Rongai anayeitwa Kiplangat. Sitakudanganya, siku niliyoambiwa ni Mkalenjin nilinyamaza kidogo, kisha nikakubali, kwa sababu alikuja na wazee wake, wakaketi vizuri, wakaongea vizuri, na yeye mwenyewe hakuinua macho kunitazama hata mara moja, nikajiambia huyu amelelewa. Sisi Wakikuyu mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa umbali, mkwe wa kiume hakai kiti kimoja na mama mkwe, hamshiki mkono, hatafuni mbele yake kana kwamba yuko kwa mama yake, nami siwezi kuingia chumba chao cha kulala hata nyumba ikishika moto. Tumeishi hivyo bila shida tangu waoane. Nikiwatembelea Nakuru yeye hutoka nje kuosha gari, hata likiwa limeoshwa asubuhi, na mimi humheshimu kwa hilo.

Sasa mwaka huu nilitimiza miaka sitini na Jackie akaniambia nimelima ya kutosha, anataka kunipeleka Zanzibar nipumzike, nami nikafurahi kama mtoto, nikanunua viatu vya wazi, nikaacha shamba mikononi mwa kibarua, nikijua tunaenda wawili, mimi na yeye. Kufika uwanja wa ndege Nairobi, ni nani huyo amesimama na mabegi? Kiplangat. Nikamvuta Jackie kando nikamuuliza mbona hakuniambia, akanijibu bila haya, "Mum, ningekuambia ungekataa kuja." Ni kweli ningekataa, lakini hiyo ndiyo sababu ya kuniambia, au siyo?

Huko hotelini nilikuwa nakula meza ya kona peke yangu kwa sababu Kiplangat yuko meza ya katikati, naye akiniona nimekaa anabeba sahani yake anakwenda kula upande ule mwingine wa bwawa la kuogelea, na Jackie, wakati huo tumbo lake bado dogo, anazunguka kati yetu akilalamika kwamba tutammaliza. Ndipo akapata wazo lake. Akasema jioni tutapanda boti moja pana inaitwa katamarani, twende taratibu tutazame jua likizama, na huko hakuna kona ya kukimbilia. Alisema hivyo kabisa, na mimi mjinga nikapanda.

Nitakueleza hiyo boti ili uelewe. Ni kama boti mbili zimeunganishwa ubavu kwa ubavu, halafu mbele katikati hakuna sakafu, kuna wavu tu umefungwa kwa kamba, watu wanalala hapo juu wakitazama maji chini yao. Mimi, nisiyejua kuogelea, nilikaa karibu na huo wavu nikiwa na gauni langu refu na sweta, Kiplangat akaenda kukaa nyuma kabisa, na kwa muda, Bi Jerotich, nakiri nilifurahi. Upepo ulikuwa mtamu, muziki wa chinichini, vijana wa kazi wanapitisha nanasi na samaki wa kuchoma, jua limekuwa jekundu, nikamkumbuka marehemu mume wangu ambaye alikufa bila kuona bahari, nikalia kidogo na hakuna aliyeniona.

Halafu boti ikasimama ili wanaotaka kuogelea waogelee, na mimi sikujua ni nani ameingia majini na ni nani hajaingia, nimekaa nimetulia, mara napata mtu anapanda ngazi ya mbele, maji yanamchuruzika, ni Kiplangat, amevaa kaptula ya kuogelea ambayo ilikuwa ndogo kuliko kitambaa changu cha kichwa, imembana, miguu yote nje, kifua chote nje, mkwe wangu, mbele yangu, na macho yetu yakakutana kabla sijayaondoa. Nikasimama haraka niondoke, boti ikayumba, nikakanyaga majimaji, mguu mmoja ukapita kati ya wavu na ubavu wa boti, na huyo kijana akanirukia akanishika kiuno kwa mikono yote miwili, akanivuta mpaka kifuani kwake, gauni lote likalowa, akawa anasema, "Nishike mum, nishike," na mimi nikamshika shingo, mimi Wamaitha, na watu wote kwenye boti wakapiga makofi kana kwamba tumefunga ndoa.

Jackie alikuwa anarekodi jua. Akarekodi kila kitu. Alicheka mpaka akakaa chini, na jioni ile ile akaituma video kwenye kikundi cha familia na kuandika, "Finally mum amekumbatia mkwe." Kutoka kikundi cha familia ikaingia cha kanisa, sijui kwa mkono wa nani, na sasa nikienda sokoni naulizwa bahari ilikuwaje. Katika mkutano wetu wa akina mama mmoja wao alisimama akasema, bila kunitaja, kwamba mafunzo ya adabu kwa vijana yaanze na viongozi. Nimeongoza akina mama hao nikiwazika waume zao na kuwaombea watoto wao. Siku hiyo nilishindwa kufunga kwa maombi.

Na huyo Kiplangat, unafikiri alisema pole? Alijifunga taulo, akaenda kukaa nyuma ya boti akatupa mgongo mpaka tukafika ufuoni, chakula cha jioni hakuja, na siku ya kurudi kwenye ndege alikaa kiti cha mbali. Hajanitamkia neno mpaka leo. Nikasema basi, hiyo ndiyo heshima ya watu wao.

Tangu tushuke ndege sijaenda kwao. Sasa shida ni hii. Jackie atajifungua mwezi huu, wameambiwa ni msichana, ni wa pili, na kwa mila yetu msichana wa pili huchukua jina la mama wa mke, kwa hivyo ni mimi, anaitwa Wamaitha. Hata Kiplangat, ambaye kwao hawaiti watoto hivyo, ndiye aliyesema zamani kwamba huyu awe wangu. Na ni mimi ninayetakiwa kwenda kumpikia Jackie njahi, yale maharagwe yetu meusi ya mzazi, na uji, kumkanda, kumwogesha mtoto, kama mama yangu alivyonifanyia. Juzi akanipigia akilia, akasema daktari amemwambia presha imepanda na huenda akapasuliwa, akaniuliza, "Mum, utakuja?" Nikamwambia maadamu mwanaume huyo yuko ndani ya hiyo nyumba sikanyagi, na mtoto wamtafutie jina lingine. Nikakata simu. Hajapiga tena.

Dada yangu ananiambia niende tu. Nauliza, nikienda si nitakuwa nimeweka muhuri kwenye aibu yangu? Na ukichapisha hii usifiche jina, limeshaingia kwenye simu za watu wote.

Mama Jackie, Mau Narok

HASIRA SI YAKO PEKE YAKO: JEROTICH ANAJIBU

Mama Jackie, umeomba nafasi ya kukasirika nikakupa, na umeitumia yote. Sasa ni zamu yangu.

Kwanza nikupe haki yako. Jackie alikukosea, tena mara mbili. Alikuficha kwamba mume wake yuko safarini kwa sababu alijua jibu lako, halafu akachukua dakika uliyoaibika kuliko zote maishani akaifanya kichekesho cha watu. Jackie, najua unasoma, kwa sababu wasomaji wa Nakuru hawapitwi. Futa hiyo video leo, andika kwenye kikundi kile kile kwamba ulikosa, kwa maneno, bila vikatuni vya kucheka. Mama yako si tamasha. Ulitaka kumaliza umbali wa miaka kwa jioni moja ya boti, na hakuna aliyekutuma.

Hayo yamekwisha. Nirudi kwako, na usiiweke barua hii chini.

Soma tena ulichoandika. Kaptula umeieleza mbele na nyuma, na mguu wako uliokuwa umeshapita kati ya wavu na boti umeupa nusu ya sentensi. Mwanamke wa sitini, asiyejua kuogelea, mwenye gauni refu na sweta ya Mau Narok, anaingia baharini chini ya boti. Ulitaka mkwe wako afanye nini? Atafute kwanza shati? Aite wazee wa Rongai waketi wajadili? Kama angekunja mikono kwa heshima, leo Jackie angekuwa anajifungua akiwa yatima wa wazazi wote wawili, na hao akina mama wa kanisa wangekuimbia vizuri sana kaburini. Hukukumbatiwa, mama. Uliokolewa. Na uliposhika shingo yake ulijua tofauti, ndiyo maana hukuachilia.

Sasa nije kwa lile lililonikasirisha kweli. Umeandika, "hiyo ndiyo heshima ya watu wao." Mimi ni wa watu hao. Mume wangu hajawahi kumpa mama yangu mkono tangu tuoane. Akimwona njiani anaingia shambani mwa mtu mpaka apite, na mama yangu naye anageukia ua la jirani kana kwamba anakagua kitu. Unafikiri nyinyi ndio mliobuni kuheshimu mkwe? Kijana aliyejifunga taulo akawapa mgongo, akakosa chakula, akakaa kiti cha mbali kwenye ndege, wewe ulisoma dharau. Mimi nimesoma mtu anayekufa kwa aibu. Yeye pia alimshika mama mkwe wake akiwa nusu uchi mbele ya watu, naye pia kwao ni mwiko, na yeye hana hata kikundi cha kanisa cha kumlalamikia. Atakuambia nini? Mkwe wa kwetu aliyeaibika hivyo hamwendei mama mkwe kumwongelesha. Anamtuma mtu, na mtu pekee aliyekuwa naye wa kumtuma alikuwa Jackie, ambaye alikuwa anacheka.

Uliandika pia kwamba siku ya kwanza ulinyamaza kidogo. Nimeusikia huo unyamavu. Ulimalizika kwa sababu kijana alikuonyesha adabu, na sasa umepata sababu ya kuurudia, umeuvalisha nguo za mila ili uonekane mzuri. Uvue. Mtu wa jamii isiyoita watoto kwa majina ya bibi zao alikaa chini akasema binti yake awe wewe. Hakulazimishwa na mtu. Na wewe umemjibu kwa kumwambia mke wake mwenye presha atafute jina lingine, kisha ukakata simu. Hapo ndipo palipo na aibu, na haikurekodiwa.

Kuhusu akina mama wako, wanakuuliza habari za bahari kwa sababu unakimbia. Acha kukimbia. Mkutano ujao simama useme nilikuwa nadondoka baharini, mkwe akanivuta, nashukuru Mungu, sasa tuendelee na ajenda. Ukishamaliza hakuna wa kusema kitu, na yule wa mafunzo ya adabu mpe kazi ya kupanga viti.

Mila ya kusafisha jambo hili mnayo, wala sihitaji kukufundisha. Kiplangat atakuja na wazee na mbuzi, atasema kwa midomo ya wazee alichoshindwa kusema kwa mdomo wake, mtakula, mtaagana kwa heshima na umbali wenu utarudi mahali pake. Mwambie dada yako ampelekee ujumbe huo. Lakini hiyo ni baada ya mtoto. Mbuzi anaweza kungoja na presha haingoji, na mimi si daktari lakini najua kilio cha binti aliyekatiwa simu hakiishushi.

Kwa hivyo leo, si kesho, unampigia Jackie. Usimweleze mambo ya boti. Mwambie mtoto ni Wamaitha na wewe unakuja, basi. Chukua njahi zako, chukua unga wa uji, uende Nakuru.

Na kama daktari ataamua kumpasua, watamwingiza ndani na mlango utafungwa, na mtu mmoja atabaki kwenye ile korido ya hospitali akiwa hajui aketi au asimame. Ni kijana wa Rongai ambaye mama yake hayupo hapo. Kakae kwenye benchi la upande wa pili. Hamtatazamana, hamtashikana, hakuna mila itakayovunjika. Lakini mlango huo ukifunguliwa, mtainuka wawili.