Elkana Ameokoka

Jumapili, Agosti 1969. Mvua tangu asubuhi, na sina nguvu hata ya kufunga dirisha.

Elkana ameokoka.

Angekuwa mtu mwingine ningecheka. Lakini Elkana, mwimbaji wa bendi yetu, yule wa suruali ya kubana! Wiki iliyopita alimsindikiza dada yake kwa mkutano wa injili, akarudi analia. Leo amekuja kwetu kutubu, maana waliookoka huzunguka kwa kila waliyemkosea.

Nikadhani anataka kuniomba msamaha mimi. Kumbe anamtaka Mama.

"Mama, nilikudanganya. Jumamosi zote zile hatukuwa kwaya. Tulikuwa kwa Harbans tunapiga roki."

Uuwi! Nilitamani ardhi inimeze. Mama hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliniua. Alichukua gitaa langu, akaliweka juu ya kabati lake, kisha akampikia Elkana chai.

Tulianza tukiwa watano. Harbans, mpiga dramu, aliandika VUMBI FIVE kwenye dramu kubwa kwa rangi ya duka la baba yake. Baba ya yule wa gitaa la besi akapewa uhamisho wa reli kwenda Kisumu, wakahama wote. Harbans akafuta, akaandika FOUR. Wa gitaa la pili akapata kazi Nairobi, THREE. Kila mara ananung'unika, "Watu yako natoroka, mimi namaliza rangi." Lakini anaandika. Na Jumamosi hii tumealikwa kupiga Gilgil, mara ya kwanza watu kutuita wenyewe.

Chai ilipoisha Mama alishusha gitaa. Akanipa na sharti: nimpigie Elkana kanisani, mazoezi kila Jumamosi, kuanzia hii.

Elkana akaanza wimbo, na jamani, ile sauti! Vidole vyangu vikaenda vyenyewe. Hatujawahi kupiga vizuri hivyo. Mama akapiga makofi.

Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Ni mama yangu.

Jioni nikaenda kwa Harbans kumwambia. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya dramu, brashi mkononi. Habari za Elkana alikuwa ameshazipata. VUMBI TWO.

"Haidhuru," akasema. "Mimi na wewe iko. Gilgil tunaenda. Usiguse, rangi bado."

Nilisimama pale nikitazama hiyo TWO. Halafu nikamwambia ameandika vizuri, nikarudi nyumbani na mvua yangu.

Elkana alipata wapi nguvu ya kusema?